Maswali na Majibu: Mishipa ya Damu ya Mtu Anayejidunga

Swali: Kijana wetu havui shati la mikono mirefu hata katika joto la kaskazi la hapa Tanga. Anaficha nini?

Jibu: Huenda anaficha makovu, ingawa shati peke yake si ushahidi. Anayejidunga heroini, au unga kama unavyoitwa mitaani, hutoboa vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, mahali pamoja mara kadhaa kwa siku, mara nyingi kwa sindano iliyokwisha kuwa butu, na unga wenyewe umechanganywa na vitu visivyoyeyuka. Ukuta wa mshipa huvimba, damu huganda ndani, kovu huziba njia, na mshipa uliokuwa ukibonyea chini ya kidole huwa mgumu kama kamba.

Swali: Si mishipa iko mingi mwilini?

Jibu: Ni mingi, na hapo ndipo hatari inapozidi. Mikono ikishakataa, mtu huhamia miguuni, kisha kinenani au shingoni. Kinenani vena, ateri na neva zimelala sambamba, hivyo akikosea kidogo huchoma ateri, mshipa unaotoa damu moyoni kwa nguvu, na kuvuja damu nyingi. Damu ikishindwa kupanda vizuri kutoka mguuni, mguu huvimba, na kidonda kinachotokea karibu na kifundo huweza kuchukua miezi kupona. Siku atakapougua sana, muuguzi atafunga mpira mkononi, atapigapiga ngozi kwa vidole viwili, atageukia mkono wa pili, na dripu haitapata pa kuingia.

Swali: Madhara huishia kwenye mishipa?

Jibu: La. Kuchangia sindano huambukiza VVU na homa ya ini aina ya B na C, na bakteria wa ngozini huweza kufika hadi kwenye vali za moyo. Ndiyo maana homa ya mtu huyu isitibiwe kwa dawa ya malaria ya dukani kabla hajapimwa. Jipu nalo lisitumbuliwe nyumbani.

Swali: Ipo tiba?

Jibu: Ipo. Methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, huzuia arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, bila sindano. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011, na kwa Tanga hutolewa Hospitali ya Bombo. Mkifika, mwelezeni daktari ukweli, na mwacheni kijana mwenyewe amwonyeshe muuguzi mshipa uliobaki, kwa kuwa yeye ndiye anayeujua.