Kisanduku kisicho na jina

Kila ninapoanza kufundisha uchumi ikolojia, yaani uchumi unaotazamwa kama sehemu ya mazingira, huchora ubaoni mchoro ambao kila aliyesoma uchumi anaufahamu. Upande huu kaya, upande ule kampuni. Kaya zinatoa nguvu kazi na kulipwa mishahara. Kampuni zinatoa bidhaa na kulipwa bei. Fedha inazunguka tu. Kisha nauliza: makaa ya mawe yanaingilia wapi? Moshi unatokea wapi?

Mchoro hauna tundu la kuingilia wala la kutokea. Herman Daly, mchumi Mmarekani aliyenifumbua macho kwa maandishi yake, aliulinganisha na kumweleza mnyama kwa mzunguko wa damu peke yake, ukaacha mfumo wa chakula. Mnyama huyo hali, wala haendi haja.

Daly alifanya kazi Benki ya Dunia kuanzia 1988 hadi 1994. Ripoti ya benki hiyo kuhusu maendeleo ya dunia ya mwaka 1992 ilipokuwa ikiandaliwa, rasimu yake ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "uchumi", mshale ukiingia na mshale ukitoka. Akashauri kichorwe kisanduku kikubwa zaidi kukizunguka, kiitwe mazingira. Rasimu iliyofuata ikaja na kisanduku hicho, lakini hakina jina, kama fremu ya picha. Akaeleza tena. Safari ya tatu mchoro wote ukawa umeondolewa.

Nakisimulia kisa hiki kila mwaka, maana ukishakipa jina kisanduku kikubwa, huwezi kukwepa kuuliza hicho cha ndani kitanuka hadi wapi. Uchumi unaokua kwa asilimia 3 huwa maradufu kwa miaka 24 hivi, na kwa miaka 100 huwa mara 19. Sayari haiongezeki hata shubiri.

Mwaka huohuo wa 1992, mwezi Julai, Kanada ilisimamisha uvuvi wa samaki aitwaye cod katika bahari ya Newfoundland, uvuvi uliokuwa umelisha watu kwa karne nyingi. Mwaka 1968 pekee zilivuliwa tani zaidi ya 800,000. Zamani aliyetaka samaki zaidi aliongeza mashua na nyavu, akapata. Sasa meli zilikuwepo, tena zenye majokofu na mitambo ya kusaka samaki kwa sauti chini ya maji. Samaki ndio hawakuwepo. Zaidi ya watu 30,000 walipoteza kazi. Ndiyo tofauti aliyoisisitiza Daly kati ya dunia tupu na dunia iliyojaa: kinachotubana kimehama, kimetoka kwenye vyombo tulivyotengeneza kikaenda kwenye kile ambacho hatuwezi kukitengeneza.

Teknolojia je? Inasaidia sana, lakini haitoshi. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alionyesha kwamba mashine za mvuke zilipoanza kubana matumizi ya makaa, Uingereza ilichoma makaa mengi zaidi, kwa kuwa mashine zilikuwa nafuu na zikaenea.

Kwangu, sehemu nzito kuliko zote ni ugawaji. Familia isiyo na maji safi wala taa inahitaji vyuma, saruji na nishati zaidi, na ina haki navyo. Ikiwa kisanduku kikubwa hakitanuki, nafasi hiyo itatoka kwa waliokwisha kujitanua, nasi wachumi bado tunaona haya kulisema hilo mbele yao.