Je, Wajua Nani Walimchagua Meya wa Kwanza Mwanamke Kenya?

Uliza watu meya wa kwanza mwanamke Kenya alikuwa nani, wengi watakimbilia Margaret Kenyatta, bintiye Rais wa kwanza, aliyeshika umeya wa Nairobi mwaka 1970. Kumbe Kisumu ilishatangulia. Grace Onyango alivaa mkufu wa umeya huko mwaka 1965.

Ila wakazi wa Kisumu hawakumpigia kura ya umeya. Enzi hizo mwananchi alichagua diwani wa wadi yake, basi. Madiwani ndio waliokutana wakamchagua mmoja wao kuwa meya. Onyango, mwalimu kwa taaluma, alikuwa diwani wa Kaloleni. Meya Mathias Ondiek alipofariki, madiwani wenzake wakampa kiti hicho.

Kura ya watu wachache ndani ya ukumbi mmoja ina vituko vyake. Miaka ya baadaye, katika miji mingi, madiwani walikuwa wakifichwa hotelini hadi siku ya uchaguzi, wapinzani wasije wakawafikia na bahasha nono zaidi.

Kwa hiyo meya aliyetaka kujua kama raia wanamkubali ilimbidi agombee ubunge. Onyango aligombea mwaka 1969, na sidhani Kisumu imewahi kuwa na mwaka mgumu kuliko huo. Julai, waziri Tom Mboya aliuawa. Oktoba, Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Siku ikaisha kwa risasi na maiti barabarani. Chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, kiongozi wake Oginga Odinga akatiwa kizuizini. Desemba, chama tawala cha KANU kikiwa peke yake uwanjani, Onyango akachukua kiti cha Kisumu Mjini na kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Uchaguzi huohuo, Charles Rubia, aliyewahi kuwa meya wa Nairobi, alipata ubunge wa Starehe, Nairobi. Onyango alibaki Bungeni hadi miaka ya themanini.

Njia hiyo sasa imefungwa. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya miji yakavunjwa, umeya ukaenda nayo. Gavana anachaguliwa na wananchi wenyewe. Jiji lina bodi na meneja wanaoteuliwa. Ndiyo maana Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, haina meya.