Punda wa Lamu anaumia, ila huficha

Tangu utotoni tunaambiwa punda ni sugu, fimbo haimuumi, na asante yake ni mateke. Si kweli. Porini mnyama anayeonyesha maumivu humvutia mwindaji, kwa hiyo punda huyaficha. Mtazame yule aliyetoka kushushwa mawe pale forodhani: masikio yamelala, kichwa kimeinama, majani hayagusi. Huyo anaumwa. Na ukimtenga na mwenzake aliyemzoea, anaweza kususa chakula hadi damu yake ijae mafuta, afe.

Hisia za wanyama ni fani ya kitaaluma: mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilimteua Donald Broom profesa wa ustawi wa wanyama, wa kwanza duniani. Mwaka uliofuata Lamu ikapata kliniki ya punda, inayowatibu bure.