Koti la mvua la gofu hufuliwa

Wacheza gofu wengi wameambiwa kwamba koti la mvua halifuliwi, eti sabuni hulimaliza. Basi linavaliwa msimu mzima bila kuguswa, likianza kuloa linatupwa, na mtu anatoa pesa za jingine. Mara nyingi lililotupwa lilikuwa zima.

Koti la namna hii huwa na kinga mbili. Ndani kuna utando mwembamba: tone la maji halipenyi, mvuke wa jasho unapita. Juu ya kitambaa kuna dawa inayofanya maji yateleze kama juu ya jani la mgimbi. Jasho, mafuta ya ngozi na matope huifunika dawa hiyo. Kitambaa cha nje kinalowa, mvuke unakosa njia, na ule unyevu unaouhisi mgongoni ukiwa shimo la 12 huenda ni jasho lako mwenyewe.

Soma lebo kwanza. Kwa kawaida sabuni ya maji kidogo inatosha, na kusuuza mara mbili. Dawa ya kulainisha nguo usiiguse. Hiyo ndiyo mharibifu halisi. Lebo ikiruhusu, likaushe kwa mashine kwenye joto la chini, maana joto huiamsha ile dawa ya juu. Kisha nyunyiza maji. Yasipojikusanya kuwa matone, nunua dawa ya kupaka upya, nafuu kuliko koti.

Koti lililokufa kweli hujulikana kwa ndani: utepe wa mishono umebanduka, au utando unachunika. Hilo liage.