Mwitiko wa resi ya chini: kwa nini mashine ya mtumbwi husita ukiigusa

Mwitiko wa resi ya chini ni wepesi wa injini kuufuata mkono wako unapofungua mafuta kidogo, kuanzia silensa (injini ikinguruma yenyewe bila kuongezewa mafuta) hadi kama robo ya resi. Ni kitu tofauti na nguvu ya mashine, tofauti pia na spidi yake ikishafunguliwa yote. Mashine ya hospawa 40 inaweza kukata maji vizuri sana katikati ya ziwa, lakini wakati wa kuondoka mwaloni ikakohoa mara mbili tatu ndipo ishike. Nyingine ya hospawa 15 ukiigusa tu inaruka. Ile ya kwanza nguvu inayo, mwitiko haina.

Kwa watu wa Kirumba, Igombe au Ukerewe, huku kwetu Ziwa Victoria, jambo hili linagusa usalama. Mtumbwi uliobeba nyavu na watu unapokaribia kilele cha wimbi, nahodha hupunguza resi. Ukianza kushuka huiongeza tena ili omo, yaani mbele ya mtumbwi, ibaki imeelekea wimbi linalofuata. Mashine ikisita hapo, hata kwa muda mfupi, mtumbwi unageuka ubavu. Ndiyo maana siukubali kabisa ule usemi wa mafundi kwamba "ikishachanganya itakaa sawa". Mawimbi hayasubiri mashine ichanganye.

Sasa tuone kinachotokea ndani. Kabureta ndiyo inayochanganya hewa na petroli. Resi ikiwa chini, kipepeo chake kimeziba karibu njia yote ya hewa, na jeti kubwa, yaani tundu kuu la kupitishia petroli, haijaanza kutoa kitu. Injini wakati huo inalishwa na jeti ndogo ya silensa, ambayo tundu lake ni kama nusu milimita. Petroli ikishapita hapo hutokea kwenye vitundu vidogo vilivyo karibu na ukingo wa kipepeo. Ukifungua resi ghafla, hewa ni nyepesi, inawahi kuingia. Petroli ni nzito, inachelewa. Vitundu vile ndivyo vinavyotakiwa kuziba pengo hilo mpaka jeti kubwa ianze kazi. Vikitoa kidogo kuliko inavyotakiwa, mashine inakata. Vikitoa kupita kiasi, inakaba, inatoa moshi na kuguguma, halafu inajisafisha yenyewe ikishapata mizunguko. Kwa hiyo anayebadilisha jeti kubwa ili kutibu kusita kwa resi ya chini anahangaika na sehemu ambayo wakati huo wala haifanyi kazi.

Kwetu Mwanza kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalihesabu. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta haina uwezo wa kupima uzito wa hewa. Hewa ikiwa nyepesi, petroli nayo inapungua kidogo, lakini haipungui kwa kiasi kilekile, hivyo mchanganyiko unaegemea upande wa mafuta mengi. Mashine iliyopangwa kwa ajili ya pwani ikifika huku inapoteza nguvu kidogo, na dalili huonekana mapema kwenye resi ya chini, ambako hata kosa dogo la vipimo linajitokeza.

Tatizo hilihili ndilo linalowasumbua waendesha pikipiki za theluji milimani huko Marekani na Kanada. Hizo ni mashine zenye mkanda mpana nyuma na skii mbili mbele, na huendeshwa hata mita 2,500 hadi 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) inapoteza karibu robo ya nguvu zake au zaidi. Zile za kabureta hubadilishwa jeti ziwe ndogo. Tena hufungwa vizito vyepesi kwenye klachi, ili injini iweze kufikia mizunguko yake ya kazi hata kama nguvu imepungua. Za kisasa zina kihisi cha msukumo wa hewa na kompyuta inayopunguza petroli yenyewe. Mashine nyingi za mitumbwi yetu bado ni za kabureta, kwa hiyo kazi hiyo inabaki kwa fundi.

Kabla ya kufungua chochote, jua kwanza kama mafuta yamezidi au yamepungua. Mashine ikiwa imeshapata moto, fungua resi kidogo mpaka isite, kisha vuta choki kiasi, ili hewa ipungue na mafuta yazidi. Ikichangamka, ilikuwa na njaa ya mafuta. Ikizidi kuguguma, mafuta ni mengi. Plagi nayo husema: nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi, ya kahawia iko sawa, nyeupe ni ya kuogopa, mafuta yamepungua. Ila plagi uliyoitoa baada ya kukimbiza mashine kwa resi yote haikuambii lolote kuhusu resi ya chini. Iendeshe taratibu kwa dakika kadhaa, izime hapohapo, ndipo uitoe.

Tiba inaanza na usafi. Petroli iliyokaa kwenye dumu ikiingia maji au uchafu, tundu la kwanza kuziba ni lile la nusu milimita. Lisafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Tafadhali usilichokonoe kwa waya. Shaba ya jeti ni laini, waya unaitanua, na tundu likishatanuka halirudi. Mashine itakunywa mafuta na kusita zaidi ya mwanzo.

Baada ya hapo nenda kwenye skrubu ndogo ya silensa. Ikiwa imekaa upande hewa inakoingilia, kabla ya kipepeo, kwa kawaida inapima hewa, na kuilegeza kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, kwa kawaida inapima mchanganyiko, na kuilegeza kunaongeza mafuta. Izungushe robo mzunguko, subiri injini itulie, sikiliza, kisha gusa resi. Kama umeizungusha mpaka mwisho wake na mafuta bado ni mengi, weka jeti ndogo iliyo namba moja chini.

Kuhusu oili nataka nieleweke vizuri. Kwa mashine ya mafuta ya kuchanganya inayotaka 50 kwa 1 (petroli sehemu 50, oili sehemu 1), dumu la lita 20 linapokea mililita 400 za oili. Wapo wanaoongeza "kwa usalama". Oili ya ziada inachafua plagi, na kwa kuwa imechukua nafasi ya petroli, kila tone linalopita kwenye jeti linakuwa na petroli pungufu. Ukipanga kabureta kwa mchanganyiko wa leo na kesho ukabadilisha kipimo cha oili, umevuruga kazi yako yote. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: kwenye injini hizi oili inasafiri ndani ya petroli, kwa hiyo ukipunguza mafuta kupita kiasi umepunguza na ulainishaji, na pistoni inakwama.

Kabureta ikiwa safi na imepangwa lakini kusita hakujaisha, angalia vile vibati vyembamba vya vali vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia kwenye injini. Kibati kilichovunjika pembe kinarudisha hewa nyuma na kuua resi ya chini kabisa. Kagua pia fimbo inayounganisha resi na taiming, yaani wakati wa plagi kutoa moto. Mashine nyingi za namna hii huwahisha moto kadiri unavyofungua resi, na fimbo ikilegea, mafuta yanatangulia moto unachelewa.

Halafu kuna propela. Yenye mapanga ya mkato mkali inataka nguvu nyingi tangu mwanzo, na kwenye mtumbwi mzito itaizuia mashine kupanda hata kama kabureta ni safi. Kwa hiyo jaribu mwisho ukiwa majini, gia ikiwa imeingia na mtumbwi una uzito wake wa kawaida wa kazi. Mashine inayopokea resi vizuri ikiwa juu ya stendi bado haijajaribiwa.