Sadaka, Sanda na Sinagogi: Dhana Potofu Kuhusu Huduma za Kijamii Miongoni mwa Wayahudi

Neno la Kiebrania tzedakah na neno letu sadaka ni ndugu wa shina moja la Kisemiti, na udugu huo ndio unaowapoteza wengi wanapojaribu kuelewa jinsi jumuiya ya sinagogi inavyohudumia watu. Kwa msemaji wa Kiswahili, sadaka ni kile atoacho mtu kwa hiari yake, akijua kwamba asipotoa hakuna wa kumdai. Tzedakah inafungamana na tzedek, yaani haki, na anayeitoa huhesabiwa kuwa amelipa anachodaiwa. Tukiitafutia mwenzake katika msamiati wetu, zaka inaikaribia zaidi. Msomaji akilishika hilo, dhana kadhaa potofu zitaanza kulegea zenyewe.

Dhana: ni hisani ya matajiri wa sinagogi

Sheria ya Kiyahudi haimsazi hata maskini: Talmudi, mkusanyiko wa kale wa sheria na mafundisho ya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi), inafundisha kwamba anayeishi kwa kusaidiwa naye anapaswa kutoa kidogo katika kile alichopewa. Tena utoaji huo tangu zamani haukuachwa uende kiholela. Musa bin Maimun, mwanasheria na tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwamba hakupata kuona wala kusikia habari za jumuiya ya Wayahudi isiyo na mfuko wa maskini. Mfuko huo uliitwa kupa, jina ambalo kwa sadfa tu linalingana na kitenzi chetu. Michango yake ilikusanywa na watu wasiopungua wawili, lakini kuigawa kulihitaji watatu, kwa kuwa kuamua nani apate nini ni sawa na kukata shauri, na baraza la hukumu halikamiliki bila watu watatu. Mfuko ulitoa mahitaji ya juma zima, Ijumaa hadi Ijumaa; kando yake kulikuwa na tamhui, chakula kilichokusanywa na kugawiwa kila siku kwa mwenye njaa ya siku hiyo. Kamati za huduma tunazozikuta katika masinagogi ya leo, zenye mweka hazina na orodha ya zamu, zina mizizi mirefu kuliko inavyodhaniwa.

Mwanasheria huyo huyo alipanga utoaji katika ngazi nane. Ya chini kabisa ni ya anayetoa kwa kinyongo. Ya juu si ya anayetoa kingi, bali ya anayemkopesha mtu, au kushirikiana naye katika biashara, au kumpatia kazi, ili asihitaji tena kunyoosha mkono.

Dhana: anayelipa fedha amemaliza wajibu wake

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Marabi walitofautisha tzedakah na gemilut hasadim, yaani matendo ya wema, wakasema kwamba ya pili inaizidi ya kwanza kwa mambo matatu: tzedakah hutolewa kwa mali, ilhali wema hutendwa kwa mali na kwa mwili, tzedakah huenda kwa maskini, ilhali wema humfikia maskini na tajiri, tzedakah ni ya walio hai, ilhali wema hutendewa walio hai na waliokufa. Kumtembelea mgonjwa, kwa mfano, hakununuliki. Talmudi inasema kwamba anayekwenda kumjulia hali humpunguzia sehemu moja kati ya 60 ya maradhi yake.

Kwa waliokufa kuna chevra kadisha, chama kinachoshughulikia maiti. Kile cha Prague kinajulikana tangu mwaka 1564, na vyama vya namna hiyo vingalipo duniani kote. Katika baadhi ya miji mikubwa wapo wanaolipwa, lakini kwa jumuiya nyingi kazi hii hufanywa na waumini wa kawaida ambao huitwa usiku kwa simu na asubuhi hurudi kazini kwao bila kutangaza walikokuwa. Msomaji wa Pwani hataona ugeni mkubwa: wanaume huosha wanaume, wanawake huosha wanawake, kisha maiti huvikwa sanda nyeupe isiyo na mapambo wala mifuko. Usahili huo una kisa chake. Inasimuliwa katika Talmudi kwamba zamani gharama za mazishi ziliwaelemea wafiwa kuliko kifo chenyewe, hata wengine wakamwacha maiti na kukimbia, mpaka Rabani Gamlieli, kiongozi wa marabi, alipojishusha na kuagiza yeye mwenyewe azikwe kwa kitani cha kawaida. Watu wakafuata. Baada ya maziko, chakula cha kwanza cha wafiwa hakipaswi kutoka jikoni mwao. Majirani ndio hukileta, kama ilivyo katika matanga yetu. Wema huu huitwa wema wa kweli, kwa sababu maiti hana namna ya kuulipa.

Dhana: wanasaidiana wao kwa wao tu

Dhana hii ina chembe ya ukweli, kwa kuwa sheria inaweka mpangilio: jamaa kwanza, kisha maskini wa mji wako, kisha wa mji mwingine. Hata hivyo, Talmudi inaagiza maskini wasio Wayahudi walishwe pamoja na maskini wa Kiyahudi, na wagonjwa wao watembelewe, kwa ajili ya njia za amani, yaani ili watu waishi pamoja kwa amani. Nchini Uingereza siku maalumu iitwayo Mitzvah Day huwakusanya Wayahudi na majirani wa dini nyingine kufanya kazi za kujitolea kila Novemba. Karibu zaidi nasi wapo Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Mwaka 2004 walijiunga na majirani zao Wakristo na Waislamu kuanzisha ushirika wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Dhana: nyuma ya msaada kuna mahubiri

Kwa kawaida, hapana. Uyahudi haufundishi kwamba asiye Myahudi lazima aingie dini hiyo ili aokoke, na kwa desturi rabi humrudisha nyuma anayeomba kujiunga kabla ya kumpokea.

Dhana: michango hukusanywa wakati wa ibada ya Sabato

Wanaoshika sheria kikamilifu hawagusi fedha siku hiyo. Nyumbani, wengi hutia sarafu katika kisanduku cha maskini Ijumaa jioni kabla ya kuwasha mishumaa. Ila uhai ukiwa hatarini Sabato husogezwa kando, na ndiyo maana watu wa kujitolea wa Hatzolah, huduma ya dharura iliyoanzia Brooklyn miaka ya 1960, huendesha magari ya wagonjwa hata siku ya Sabato.

Dhana: "tikun olam" ni amri ya kale ya kupigania haki za jamii

Hii inashikiliwa na Wayahudi wengi wenyewe. Katika Mishna, mkusanyiko wa sheria ulio kiini cha Talmudi, maneno hayo, yenye maana ya kutengeneza ulimwengu, yalihusu marekebisho mahususi ya sheria, kama vile kukataza mateka wasikombolewe kwa bei inayozidi thamani yao, ili watekaji wasitamani kuteka tena. Maana ya harakati za kijamii ilienea katika karne ya 20, hasa Marekani, na hadi leo haijakubalika sawasawa: masinagogi mengi ya Kiorthodoksi, yanayoshika sheria ya kale kikamilifu, huweka uzito kwenye wema wa mtu kwa mtu, wakati yale ya Mageuzi, tawi la kiliberali, huona kwamba kumlisha mwenye njaa bila kugusa sheria inayomtia njaani ni kazi nusu. Mwaka 1965 rabi Abraham Joshua Heschel, ambaye hakuwa wa Mageuzi, aliandamana Selma, mji wa Alabama nchini Marekani, pamoja na Martin Luther King kudai haki ya Weusi ya kupiga kura. Jijini Washington, sehemu za sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 na ile ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 ziliandikwa katika chumba cha mikutano cha kituo cha Wayahudi wa Mageuzi.