Beking soda si beking pauda kali: maana ya kibadala jikoni

Kibadala, tukiwa jikoni, ni kiungo kinachofanya kazi ya kiungo kingine. Maana inaishia hapo, wala si ngumu. Tatizo ni kwamba kila Desemba watu wanaisahau hiyo kazi na kuangalia sura. Mtu anakwenda dukani kutafuta beking pauda ya keki ya Krismasi, anaambiwa imekwisha, anapewa beking soda: "Chukua hii, ni ileile, ila ni kali kidogo." Kauli hiyo nimeisikia Kampala, nimeisikia Jinja, na nimeisikia hata kwa watu wanaooka keki za kuuza. Si ileile hata kidogo.

Ni kweli zote ni unga mweupe, na zikishapimwa kwenye vifuko vya kaveera, yaani plastiki, vilivyofungwa fundo, bila jina, huwezi kuzitenganisha kwa macho. Lakini beking soda ni kitu kimoja tu, sodiamu bikaboneti. Ili iumue keki vizuri inahitaji asidi: maji ya ndimu, siki, bongo (maziwa ya mgando), molasi, asali. Ikikutana na asidi kwenye kitu chenye majimaji, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na mapovu ya gesi hiyo ndiyo yanayoinua rojo. Beking pauda ni soda hiyohiyo iliyokwisha kuwekewa asidi yake ya unga, pamoja na wanga, mara nyingi wa mahindi, unaofyonza unyevu ili soda na asidi visianze kazi ndani ya kopo. Kwa maneno mengine, pauda imekamilika na soda haijakamilika. Ukali wanaousema upo, maana robo kijiko cha soda ina nguvu ya kuumua kama kijiko kizima cha pauda. Ila nguvu hiyo hutoka pale tu asidi ipo.

Historia yenyewe inaonyesha hivyo. Mwaka 1843 Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza beking pauda kwa sababu mkewe, Elizabeth, alikuwa akidhurika na hamira. Soda ilikuwa tayari inajulikana kwa waokaji. Kama soda peke yake ingetosha, Bird angeitumia hiyo na asingehangaika na kitu kingine. (Na hamira ni habari nyingine kabisa: ni viumbe hai vinavyokula sukari na kutoa gesi polepole. Kuita pauda "hamira ya keki" kunaongeza mkanganyiko tu.)

Sasa itazame keki ambayo wengi wetu tunaoka: unga wa ngano, siagi, sukari, mayai, maziwa mabichi, zabibu kavu. Asidi ya maana humo hakuna. Ukitia soda kijiko kwa kijiko mahali pa pauda, moto ukipanda soda ile huvunjika yenyewe. Hutoa gesi kiasi, kisha huacha sodiamu kaboneti, ambayo imo pia kwenye magadi tunayolainishia maharage. Hapo ndipo inapotoka ile ladha ya sabuni inayobaki kooni. Kaboneti hiyo pia huharakisha kubadilika rangi, kwa hiyo ganda linakuwa kahawia nzito wakati katikati bado bichi, na lawama zote zinaangukia mkaa uliookea. Aliyetia manjano ili keki ionekane ina mayai mengi ataikuta imeingia wekundu, vilevile doa la manjano kwenye kanga linavyogeuka jekundu likiguswa na sabuni. Mkaa hauna kosa hapo.

Mkaa una shida yake nyingine. Soda ikishakutana na ndimu au bongo, inaanza kutoa gesi palepale kwenye bakuli. Anayeoka kwa sufuria juu ya sigiri, huku akipalia makaa juu ya kifuniko, mara nyingi rojo linakuwa tayari moto haujakolea. Anayengoja zamu kwenye oveni ya jirani siku ya mkesha ana hali hiyohiyo. Kila dakika gesi inapotea, na keki itakayoingia motoni itakuwa imebonyea kabla ya kuiva. Pauda nyingi za siku hizi hutoa gesi mara mbili, zikilowa na tena zikipata joto, kwa hiyo humvumilia mpishi wa sigiri. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi, maana linatuhusu sisi kuliko wenye majiko ya umeme.

Vibadala vingine havinisumbui hivyo. Majarini badala ya siagi inapunguza harufu, lakini keki inalika. Kulowekea zabibu kwenye juisi ya machungwa badala ya pombe ni sawa kabisa, na nyumba nyingi za Waislamu huoka hivyo keki ya Idi.

Kama huna hakika na ulichouziwa, tia kidogo kwenye maji ya uvuguvugu. Pauda nzima itatoa povu. Soda itayeyuka kimya, na itachemka tu ukiidondoshea ndimu. Na kama soda ndiyo uliyopata na maduka mengine yamefungwa, usiitupe. Kwa kila kijiko kidogo cha pauda kinachotakiwa, tumia robo kijiko cha soda na nusu kijiko cha maji ya ndimu. Washa sigiri mapema, ndimu iingie mwisho, na sufuria iende motoni papo hapo. Ukifanya hivyo, soda na ndimu kwa pamoja ndizo kibadala cha pauda.